Springi za gari lililoelemewa: anzia kwenye mizani

Swali la msomaji: "Habari za kazi, fundi. Nina Land Cruiser 78, mbele ina springi za koili, nyuma ina za majani. Ndani ya miaka miwili nimeliongezea bampa la chuma na winchi, betri ya pili, tangi la pili la dizeli, tangi la maji la lita 60, droo na friji, keria na hema la juu, na tairi mbili za akiba zinazoning'inia nyuma. Sasa gari limelala nyuma. Nikiingia kwenye shimo linagonga chuma kwa chuma mpaka mgongo unauma, na usiku taa zinamulika juu ya miti. Gereji ya kwanza wamenishauri springi za kubeba kilo 600 zaidi. Ya pili wanasema niache springi nilizonazo, niweke mifuko ya hewa. Rafiki yangu anasema niongeze jani moja kila upande, basi. Ningependa pia liinuke kama sentimita 5. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, wote watatu wamekujibu kabla ya kujua gari lako lina uzito gani. Hata mimi siwezi kukuchagulia springi kutoka kwenye orodha ya vifaa ulivyoniandikia, ingawa ni orodha nzuri. Kabla hujanunua chochote, lipeleke gari kwenye mizani. Lipeleke kama unavyosafiri nalo: matangi yote mawili yamejaa, maji yamejaa, friji ina vitu, hema liko juu, wewe na abiria wako mmeketi. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, na kama mizani inaruhusu, pima kila gurudumu. Halafu rudi siku nyingine ukiwa umeshusha kila kisichokaa ndani ya gari siku zote: chakula, mizigo ya safari, abiria. Hapo utakuwa na namba za aina mbili, na kazi nzima ya kuchagua springi imejengwa juu ya namba hizo.

Nasisitiza mizani kwa sababu kujumlisha uzito kichwani hudanganya. Chukua tairi zako mbili za akiba pamoja na mikono inayozishikilia. Tuseme zote ni kilo 100, na ziko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Gari lako lina karibu mita 3 kutoka ekseli hadi ekseli. Uzito ulioning'inia nje ya ekseli hufanya kazi kama mtarimbo: ekseli ya nyuma haibebi kilo 100, inabeba kilo 140, na zile 40 za ziada zimenyanyuliwa kutoka ekseli ya mbele. Winchi na bampa nazo hufanya vivyo hivyo upande wa pili. Kilo 100 zikiwa mita 0.9 mbele ya ekseli ya mbele, zinailemea kwa kilo 130 na kuipunguzia ya nyuma 30. Vitu vyote hivyo vinavutana, na ni mizani pekee itakayokuambia nani ameshinda. Mtu anaweza kufunga bampa zito mbele na pua ya gari isishuke hata kidogo, kwa sababu mkia umelemewa zaidi.

Ukishapata namba, zilinganishe na bamba la mtengenezaji. Hapo kuna vikomo vitatu: jumla ya gari, ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma. Hili nalisema mapema kwa sababu ndilo linaloniumiza nikiona watu wanavyouziwa: springi ngumu haiongezi hata kilo moja kwenye kikomo hicho. Inabadilisha kimo cha gari, lakini ekseli, beringi, breki, rimu na chesisi ni zilezile. Tazama na ubavu wa tairi, utaona namba ya uwezo wa kubeba. Tairi yenye namba 112 inabeba kilo 1,120 ikiwa na upepo wake kamili. Yenye 120 inabeba 1,400. Kama ekseli ya nyuma imepita kikomo, dawa ni kushusha vitu. Zipo nchi ambako sheria inaruhusu kikomo kipandishwe kwa kubadilisha sehemu kadhaa, kisha gari likakaguliwa na kupewa cheti. Huo ni utaratibu wake, na springi za dukani peke yake hazitoshi.

Sasa tuseme umebaki ndani ya vikomo. Nitakupa mfano wa namba ili uone njia ninayoifuata mwenyewe. Zako zitatofautiana, njia ni ileile.

Tuseme ekseli ya nyuma, gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, ilikuwa inaikandamiza mizani kwa kilo 1,250. Leo, na vitu vya kudumu tu, ni 1,570. Umeongeza kilo 320. Lakini springi haibebi yote hayo. Ekseli yenyewe, difu, breki, rimu na tairi viko chini ya springi, vinakanyaga ardhi moja kwa moja. Tukikadiria vitu hivyo kuwa kilo 230, springi zilikuwa zinabeba 1,020 na sasa zinabeba 1,340. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 31. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Hatua inayofuata watu wengi hawaifanyi, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya futi ya kupimia na madumu ya maji. Unataka kujua ugumu wa springi ulizonazo. Simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili. Usipime kutoka chini, maana upepo wa tairi utakuchanganya. Kisha weka kilo 200 moja kwa moja juu ya ekseli ya nyuma: madumu kumi ya lita 20, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Endesha gari mita chache mbele na nyuma, au litikise, ndipo upime tena. Ukishamaliza toa maji, litikise, pima mara ya tatu, halafu chukua wastani wa kushuka na kupanda. Kutikisa kuna sababu: majani ya springi yanasuguana, na msuguano huo huweza kulishikilia gari juu au chini kwa milimita kadhaa likakupa jibu la uongo.

Kama limeshuka milimita 25, springi mbili kwa pamoja zinahitaji kilo 8 kwa kila milimita, yaani kilo 4 kwa kila springi. Robert Hooke alikwisha kulichapisha hilo mwaka 1678: springi hujibana kwa kadiri ya uzito inaowekewa. Basi kilo zako 320 za kudumu zimelishusha gari milimita 40. Hizo ndizo unazozilia. Kwa kawaida springi za zamani huwa zimechoka pia, zimepoteza mkunjo wake, hivyo upungufu halisi unaweza kuwa mkubwa zaidi.

Milimita 40 hizo unaweza kuzirudisha kwa njia mbili, na hapa ndipo wauzaji na wanunuzi wanapopotezana. Njia ya kwanza ni springi yenye ugumu uleule lakini mkunjo mkubwa zaidi, kwa koili ni springi ndefu zaidi. Njia ya pili ni springi ngumu zaidi. Inayofaa huwa ni mchanganyiko, na kipimo cha mchanganyiko huo ni ile asilimia niliyokuambia uishike. Gari lililokaa juu ya springi lina mdundo wake wa asili, idadi ya mara linazopanda na kushuka kwa sekunde ukilisukuma na kuliacha. Mdundo huo unategemea uwiano wa ugumu na uzito. Ukiongeza uzito asilimia 31 na ugumu asilimia 31, mdundo haubadiliki, na gari litatembea kama lilivyotembea likiwa jipya.

Kwa mfano wetu: likiwa la kiwandani, mdundo wa nyuma ulikuwa kama mara 1.4 kwa sekunde. Leo, mzigo umeongezeka na springi ni zilezile, umeshuka hadi 1.2. Gari linayumba na kuogelea, na kila shimo linamaliza nafasi yote. Ukiweka springi za kilo 5.2 kwa milimita badala ya 4, unarudi kwenye 1.4. Sasa tuwachukue watu wa gereji ya kwanza. Tuseme springi zao za "kilo 600" zina ugumu wa kilo 8 kwa milimita. Ukiwa na mzigo wako wa kudumu, mdundo ni mara 1.7. Siku ukishusha vitu, unakaribia mara 2. Mwili wa binadamu unapenda mahali fulani kati ya 1 na 1.5, ukifika 2, kila jiwe unalihisi kwenye meno. Na si starehe tu inayopotea. Gurudumu linaloruka haliko ardhini, na gurudumu lisiloko ardhini halishiki breki, halipandi mlima, halifuati usukani.

Niliwahi kufanya kosa hilo kwenye gari langu. Nilifunga springi za nyuma zilizokusudiwa mzigo ambao nilikuwa naubeba mara mbili tu kwa mwaka. Safari hizo mbili lilikwenda vizuri. Miezi mingine yote lilikuwa linarukaruka kwenye barabara za mawimbi mpaka kishikizo cha juu cha shokapu kikapasuka pale kilipochomelewa kwenye chesisi. Niligundua nikiwa nasikia sauti tu, bado siku nzima kufika lami. Tangu hapo nachagua springi kwa mzigo ninaoishi nao, na mzigo wa safari naupa nafasi ya kuibana springi kidogo.

Kwa hiyo zile namba 300, 400, 600 zinazoandikwa kwenye maboksi zina maana hii: springi hii itakupa kimo kilichokusudiwa ukiwa na takriban kilo hizo za ziada, muda wote. Si ruhusa ya kuongeza mzigo huo, na si akiba ya kuwekeza kwa ajili ya kesho. Mtu mwenye kilo 320 za kudumu anahitaji springi za daraja la 300. Akichukua 600, gari litainua mkia, na magurudumu yatakuwa karibu na mwisho wa kushuka kwake, kiasi kwamba kila tairi ikiingia shimoni inaning'inia hewani. Muulize muuzaji mambo mawili: ugumu wa springi kwa milimita, na kimo chake ikiwa na mzigo gani. Asiyeweza kukujibu hayo mawili, usimwachie pesa zako. Abiria wako wawili na vyakula, tuseme kilo 250, juu ya springi za kilo 5.2 vitashusha gari milimita 24. Hilo ni jambo la kawaida kabisa. Gari linapaswa kushuka likipakiwa.

Nikujibu sasa kuhusu jani la kuongeza. Rafiki yako hajakosea kabisa. Jani moja zuri, lenye mkunjo unaolingana na wenzake na urefu unaofaa, linaweza kukupa ongezeko dogo unalolihitaji kama springi zako bado ni nzima. Shida ni kwamba mara nyingi jani huongezwa kutoka kwenye springi ya gari jingine, nene na lililopinda kupita kiasi. Ugumu wa jani hupanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa nafsi yake, hivyo jani la milimita 8 ni gumu karibu mara moja na nusu ya lile la milimita 7, ingawa kwa macho unaona ni yaleyale. Jani hilo gumu hubeba sehemu kubwa ya mzigo peke yake na kuyasukuma mengine, na baada ya muda utakuta ufa, mara nyingi kwenye tundu la boliti ya katikati. Gari lako limebeba vitu kwa miaka miwili. Mimi ningebadilisha seti nzima pande zote mbili.

Na tafadhali usikubali springi zako za zamani zipashwe moto na kukunjwa upya mbele ya macho yako. Chuma cha springi kimepewa uwezo wake kwa kuchemshwa, kupozwa ghafla na kuchemshwa tena kwa kiasi, kwa joto linalopimwa. Moto wa gesi wa dakika chache huufuta uwezo huo. Springi itatoka imependeza, ina mkunjo mzuri, na itakuwa imelala tena kabla hujasahau malipo.

Mifuko ya hewa nataka tukae nayo kidogo, maana inauzwa kama suluhisho la kila kitu. Kwenye gari lenye koili nyuma, mfuko unaoingia ndani ya koili ni msaada mzuri kwa mzigo unaokuja na kuondoka, kama trela ya mwisho wa wiki. Unajaza upepo, unafunga safari, ukirudi unaupunguza hadi kiwango cha chini alichoelekeza mtengenezaji. Lakini kwenye springi za majani kama zako hesabu ni nyingine. Springi ya majani inashika chesisi sehemu mbili, moja mbele ya ekseli na moja nyuma yake, na mzigo unagawanyika kati ya sehemu hizo. Mfuko wa hewa unakaa juu ya ekseli na kusukuma chesisi katikati, mahali pamoja, palepale unapofungwa mpira wa kugongea, ule unaozuia ekseli isigonge chesisi. Sasa fikiria tairi zako mbili na tangi vinavuta mkia chini, mfuko unasukuma katikati juu, na gari linaanguka kwenye shimo. Chesisi inapindwa kama fimbo juu ya goti. Magari ya kubeba mizigo ya milango minne, ambayo mkia wake umetoka mbali nyuma ya ekseli, yameonekana mara nyingi yakiwa yamepinda chesisi hapohapo nyuma ya kebini. La kwako ni la bodi moja iliyofungwa, lakini kanuni ni ileile. Mzigo wako ni wa kudumu, na mzigo wa kudumu ni kazi ya springi. Kama baada ya springi sahihi ukawa na safari moja nzito sana kwa mwaka, hapo mfuko wenye upepo kidogo unaweza kufikiriwa.

Mbele ni rahisi zaidi. Koili zako zina umbo ambalo ugumu wake unategemea unene wa waya kwa nguvu kubwa mno: kutoka milimita 15 hadi 16, ugumu hupanda karibu asilimia 30, kama vitu vingine havikubadilika. Kwa hiyo usiongozwe na macho hata kidogo, fuata namba. Rudia hesabu ileile ya mizani, toa uzito wa ekseli ya mbele, pata asilimia. Sitashangaa ukikuta mbele umeongeza kidogo kuliko ulivyodhani, kwa sababu ya ule mtarimbo wa nyuma. Na kumbuka kwamba ukishauinua mkia, pua nayo itabadilika kidogo, hivyo anza na nyuma, kisha malizia mbele.

Utakutana pia na koili ambazo mizunguko yake ya upande mmoja imebanana na ya upande wa pili imeachana. Hizo ni laini mwanzoni kisha hukakamaa kadiri zinavyobanwa. Ni nzuri kwa gari ambalo mzigo wake unabadilika sana. Kwa mzigo wa kudumu kama wako, angalia jambo moja: gari likiwa limesimama na vitu vyake, ile mizunguko iliyobanana isiwe imekwisha kugusana. Ikishagusana imeacha kufanya kazi, na umebaki na springi ngumu ya kawaida.

Wenye magari ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea, kama Hilux au Prado, wasinakili hesabu hii kama ilivyo. Springi yao haikai juu ya gurudumu, inakaa katikati ya mkono. Gurudumu likipanda milimita 10, springi inabanwa labda 6, na ugumu unaoufikia gurudumu ni 0.6 mara 0.6 ya ule wa springi, yaani asilimia 36 tu. Ndiyo maana pia kipande cha milimita 30 kinachowekwa juu ya springi zao huinua gari milimita 50, na watu hushangaa.

Shokapu. Hapa siwezi kukuruhusu kubana matumizi. Springi inahifadhi nguvu ya shimo na kuirudisha. Shokapu ndiyo inayoigeuza nguvu hiyo kuwa joto ili gari litulie. Umeongeza uzito kwa asilimia 31 na ugumu kwa kiasi hichohicho. Basi nguvu ya kutuliza nayo inatakiwa ipande karibu asilimia 30, hasa pale springi inaporefuka. Shokapu za kiwandani zikikutana na springi mpya, gari litapanda kwenye tuta vizuri kisha litakurusha likirudi. Kama utachagua springi za nyuma za majani machache manene katikati yenye ncha nyembamba, yale yasiyogusana isipokuwa katikati na mwishoni, hilo ni muhimu maradufu. Springi hizo ni laini na nzuri, mimi nazipenda, lakini msuguano wa majani mengi ulikuwa unasaidia kutuliza gari, na msuguano huo hautakuwepo tena.

Urefu wa shokapu nao upimwe. Gari likiwa juu ya jeki na gurudumu limening'inia hadi mwisho, shokapu isiwe ndiyo inayolizuia. Na gari likibanwa hadi mpira wa kugongea, shokapu iwe bado ina nafasi, vinginevyo itajigonga ndani na kufa mapema. Mpira wa kugongea wenyewe usiuondoe kamwe. Ni springi ya mwisho, na kazi yake ni kuwa pale chuma kisipotakiwa kukutana na chuma. Ile sauti unayoisikia inaniambia mipira yako huenda imekwisha kuliwa, ibadilishe.

Barabara ndefu ya mawimbi huchemsha mafuta ndani ya shokapu, na mafuta yakichemka na kutoa povu, shokapu inapoteza nguvu bila kukuaga. Ukisimama, pitisha mkono karibu nazo bila kuzigusa, maana zinaweza kuunguza. Zote zinatakiwa ziwe na joto la kufanana kwa kila ekseli. Iliyobaki baridi wakati mwenzake anawaka haifanyi kazi. Kupunguza upepo wa tairi na mwendo kwenye barabara hizo huokoa shokapu kuliko aina yoyote ya gharama utakayonunua.

Kuhusu sentimita 5 unazozitaka. Ukirudisha zile milimita 40 ulizopoteza, tayari utakuwa umeliona gari limesimama, na huenda hamu ya kuinua zaidi ikapungua. Kuinua juu ya kimo cha kiwandani kuna deni lake, na kwenye gari lako deni kubwa liko mbele. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono mirefu inayorudi nyuma kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono inainama, na ekseli inajizungusha kidogo. Kwa sentimita 5 unapoteza kama digrii 2 hadi 3 za ule mwinamo unaofanya usukani urudi katikati wenyewe. Gari litaanza kutangatanga barabarani na kukuchosha mikono. Hurekebishwa kwa bushi maalumu za mikono hiyo au vishikizo vipya. Fimbo ya Panhard, inayozuia ekseli isiende pembeni, nayo itaivuta ekseli upande mmoja kwa milimita kadhaa. Paipu za breki za mpira zikaguliwe urefu gari likiwa limening'inia, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kulia na kushoto. Na kwa kuwa una hema na keria juu, kila sentimita unayopanda inapandisha pia kitovu cha uzito, na gari linakuwa rahisi zaidi kuanguka kwenye mteremko wa ubavu. Mimi kwa gari lako ningekomea sentimita 2 au 3 juu ya kiwandani.

Kuna kitu kimoja ambacho nakiona kimesahauliwa karibu kila gari ninalokagua, nacho kinaweza kuua. Tazama chini nyuma, kwenye chesisi karibu na ekseli. Kama kuna valvu ya breki yenye fimbo inayounganishwa na ekseli, hiyo ndiyo inayopima mzigo. Gari likishuka, valvu inaelewa kwamba limepakiwa na inaruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu. Ukiliinua gari bila kuigusa, inadhani gari ni tupu. Unakuwa na gari zito kuliko lilivyowahi kuwa, na breki za nyuma zimepunguzwa. Fimbo hiyo irekebishwe siku hiyohiyo springi zinapofungwa, kwa vipimo vya kitabu cha gari, na taa nazo zipimwe upya.

Katika kufunga, msimamie fundi mambo machache. Yuboliti, zile boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya. Zikishakazwa mara moja zimekwisha kuvutika na hazishiki tena kama awali. Boliti za bushi za mpira zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limeshushwa chini na kubeba uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira utakuwa umejisokota muda wote na utachanika mapema. Koili zisibanwe kwa kamba wala nyaya. Springi iliyobanwa ikichomoka inavunja mifupa. Na vipande vya chuma vya kunyanyulia visiwekwe kati ya springi na ekseli ili kuongeza kimo: vinaipa ekseli nafasi ya kujisokota unapokanyaga mafuta kwa nguvu.

Tembea kilomita 100 hadi 200, kaza yuboliti tena. Ukifika kama kilomita 1,000 pima kimo upya kutoka katikati ya gurudumu, kwa maana springi mpya hutulia kidogo. Upande mmoja ukiwa chini zaidi ya mwingine kwa zaidi ya sentimita moja, angalia kwanza tangi la maji na friji viko upande gani kabla hujailaumu springi.

Ukitoka kwenye mizani, niandikie namba nne: mbele na nyuma ukiwa na vitu vya kudumu tu, mbele na nyuma ukiwa umepakia safari. Ongeza na milimita gari lilizoshuka ulipoweka yale madumu kumi. Nikizipata nitakutajia ugumu wa kuomba kwa kila kona.